Nokoa wa Kulungu

Wako wanaosema mtu akishazeeka yakumbuke mema yake tu. Sawa. Mimi nitayataja mema yake yote, hata moja silifichi, ili nikifika kwenye ubaya wake asiinuke mtu akasema Saumu ana roho mbaya.

Mbele yake tulimwita Ami, kama Waunguja wanavyowaita baba zao wadogo. Nyuma yake alikuwa Nokoa, kama wale wanyapara wa mashamba ya karafuu ya zamani waliotembea na bakora. Jina hilo nilimpa mimi, na sijutii. Kazaliwa wapi, babake nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimkuta Hatta, milimani kule Dubai, kwenye shamba la arbab wetu, yule tajiri wa Kiarabu aliyetuajiri, miaka ile kila mtu alipokuwa ndio kwanza anajifunza WhatsApp, na nikamjua kwa kazi yake na kwa mdomo wake.

Shamba lenyewe lilikuwa bonde, vilima vya mawe pande zote, na ndani yake arbab alikuwa amewaachia kulungu wa madoa aliowaleta kutoka Uhindini. Hawakuwa wa zizini kama kondoo wake. Walizunguka vilimani watakavyo, wanapanda, wanashuka, wengine hatuwaoni wiki nzima. Lakini jua la kule halina huruma, majani ya bondeni yakiisha yameisha, kwa hiyo ilikuwa lazima wapelekewe chakula: majani ya barsimu yaliyokaushwa, shayiri, pumba, na mawe ya chumvi ya kulamba. Mimi nilikuwa mpishi wa wafanyakazi, na nikishaosha sufuria zangu nilichanganya pumba. Mugisha, Mganda mmoja mwenye mabega kama mlango, alibeba magunia. Kiprono wa Eldoret alikaa getini. Na juu yetu sote alikuwa yeye.

Wanyama aliwajua, hilo sina ubishi. Alikuwa na kanuni kwamba mafungu ya chakula yawe mengi kuliko vichwa. Tukitandaza barsimu yeye anapita nyuma anahesabu kwa kidole, halafu anafoka, "Ongeza, yakhe, ongeza! Ukiweka sawasawa, dume moja litasimamia mawili, na mnyonge atalala na njaa." Na mafungu yenyewe yakae mbalimbali, ili yule wa mwisho, yule aliyepigwa pembe na kila mtu, apate kona yake ale bila kutazama nyuma. Nilipenda kumwona akifanya vile. Kuna siku nilimwambia, "Ami, wewe ungekuwa kadhi, watu wangepata haki." Akacheka mpaka akakohoa.

Jiwe la chumvi hakuliweka karibu na maji hata siku moja. Alisema mnyama akipata vyote mahali pamoja atashinda hapo hapo, apachafue, augue. Alilibeba mwenyewe kwenye toroli mpaka chini ya kilima, akasema bismillahi, kisha akalilamba. Wallahi, mtu mzima na kanzu yake, anainama analamba jiwe! Akituliza ladha mdomoni huku kafumba jicho moja, tukawa tunavunjika mbavu nyuma ya gari. "Chekeni," anasema. "Mimi simpi kiumbe nisichokionja."

Na chakula kipya hakuwaanzishia kwa pupa. Shayiri ikiingia, ni konzi moja leo, mbili kesho, mpaka matumbo yazoee. "Tumbo la kulungu ni kama mama mkwe," alikuwa akisema, "halipendi kushtukizwa." Ninayo mengi ya namna hiyo kutoka kwake. Mengine ninayatumia mpaka leo na watu wanadhani ni yangu.

Haya, hayo ni mema. Sasa ulimi.

Ulimi ndio uliompa cheo. Arbab hakujua Kiswahili, Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, na sisi Kiarabu chetu kilikuwa yalla na khalas. Basi kila neno lililotoka kwa arbab kuja kwetu, au kutoka kwetu kwenda kwa arbab, lilipita mdomoni mwa Nokoa. Ukitaka likizo, Nokoa. Ukiumwa na jino, Nokoa. Siku moja Kiprono alijaribu kuongea Kiingereza na mtoto wa arbab, wanaelewana vizuri tu, Nokoa akaja mbio kanzu mkononi: "Hapa pana utaratibu!" Kiprono akaniambia baadaye, "Auntie, huyu mzee anaogopa nini?" Sikujua. Nilidhani ni utu uzima.

Kiarabu chake kilikuwa cha chuo cha Kurani, cha miaka mingi iliyopita, na cha kusikia. Alikisema kwa sauti kubwa na mikono mingi. Arbab alikuwa akikunja uso kidogo akimsikiliza, nasi tukadhani ni hadhi ya watu wakubwa, kumbe mwenzetu anatafuta neno limekwenda wapi. Lakini Nokoa kuuliza? Thubutu! Hajapata kusema, "Rudia, sikukufahamu." Nilimwambia siku moja kuuliza si ujinga. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Si ujinga kwako wewe," akasema. "Kwangu mimi ni fedheha." Akacheka kidogo, nami nikacheka. Laiti ningelitega sikio.

Mimi aliniita Kitunguu, kwa ajili ya jina langu. "Kitunguu, chai iko wapi? Kitunguu, leo umemliza nani?" Alasiri, kazi ikipungua, alikaa kwenye kibaraza cha jiko langu akanimenyea machungwa. Alikuwa anayamenya vizuri, ganda linatoka refu bila kukatika, halafu anayapanga kwenye sahani kwa adabu. Mtu akikumenyea chungwa namna hiyo, unalegea. Nikamweleza mambo yangu. Nikamweleza kuwa nimeolewa mara mbili Mombasa, na nimefiwa mara mbili: wa kwanza alikufa kwa homa hatujamaliza mwaka, wa pili aligongwa na lori Changamwe akienda kazini. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine katika nchi ile. Nokoa alitoa leso akajifuta macho. "Maskini mwanangu," alisema. "Maskini mwanangu." Nikamwamini kama nilivyomwamini baba yangu.

Msimu uliofuata watoto wa kulungu wakaanza kuzaliwa vibaya. Mtoto anasimama, miguu ya mbele imara, ya nyuma inayumba. Kiuno kinakwenda kando, anaanguka kitako. Anajaribu tena, anaanguka tena, na mama yake amesimama pale anamnusa. Wengine hawakuweza kulifikia ziwa. Na mama zao manyoya yalikuwa yamefifia, wekundu wao umekuwa kama nguo iliyofuliwa mno. Nokoa alikonda. Alibadili pumba, alibadili maji, alisoma akapuliza. Wapi! Arbab akaleta daktari wa mifugo, Msiria, akawapiga wachache sindano ya usingizi, akachukua damu, akaenda zake mjini.

Majibu yalikuja kwa simu. Sote tulikuwa jikoni tunakula mchana, Nokoa akaweka spika ili tumsikie akizungumza na daktari. Alipenda tumsikie. Daktari akaeleza maneno mengi tusiyoyajua, kisha akasema, na akarudia taratibu kama anayemfundisha mtoto: "Fii naqs nuhas. Naqs. Nuhas."

Tonge la Mugisha lilibaki mdomoni.

Nuksi. Nuhusi. Mswahili gani anahitaji kutafsiriwa hapo? Hata Mugisha wa Kampala alijua maana. Hata mimi, ambaye jambo lile lilikuja kuniangukia, nilisikia vile vile, kwa masikio yangu haya. Nokoa akaitika naam, naam, tayyib, akakata simu. Akaisukuma sahani yake. "Mmesikia," akasema. "Daktari mzima, na mashine zake."

"Ami," Mugisha akasema, "mimi naona daktari wa sindano haamini mambo hayo. Tumpigie tena tumuulize."

"Kumuuliza nini? Umesikia hukusikia?"

"Nimesikia."

"Basi." Akatutazama mmoja mmoja. "Mwaka jana watoto walikuwa wazima. Tujiulize, nani kaja hapa tangu mwaka jana?"

Aliyekuja ni mimi. Na bado ningejitetea, maana kuja si kosa. Lakini Nokoa akaongeza, bila kunitazama, anazungumza na sahani: "Na mtu ameshazika waume wawili."

Ndilo hilo nililokuwa nalitafutia njia ya kulisema tangu nimeanza. Si kwamba alikosea neno. Neno kila mtu hukosea. Lile la waume zangu, nililompa kibarazani kwenye machungwa akalifutia machozi kwa leso, ndilo alilolitoa akaliweka mezani mbele ya watu.

Kuanzia siku ile nikakatazwa kugusa pumba. Wiki haikwisha arbab akaambiwa, kwa Kiarabu kile kile, kwamba mimi mgonjwa naona baridi ya milima hainifai, naomba mjini. Arbab, mtu wa watu, akanitafutia kazi kwa jamaa yake mwenye mkahawa kule Jumeirah Lake Towers, Dubai mjini. Getini Kiprono akanipakilia begi kwenye gari. "Auntie, mimi siamini hiyo story hata kidogo," akasema. "Lakini utado nini?" Maneno mazuri. Mkono hakunipa.

Kwenye mkahawa nilikuwa Saumu wa kahawa tu, yes madam, no sir, sina shida. Shida ilikuwa Ijumaa, nikienda mtaa wa Deira kwa watu wetu, ambako habari za nuksi yangu zilikuwa zimeshafika. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nao wakalichukua hivyo. Bi Rukia, mama mmoja wa Kisauni anayepika harusi zote za Wamombasa kule, aliniita pembeni akanishika bega: "Mwanangu, leo pumzika. Vyombo vya bibi harusi watashika wengine." Kwa upole! Afadhali angenipiga kofi. Kisha akatokea mtu, karani wa mizigo pale bandarini kwenye khori, mpole, anaswali, akanitaka. Tukakubaliana. Mamake akapiga simu kutoka Likoni: "Wawili washakwenda. Wa tatu asiwe mwanangu." Yule karani akaacha kupokea simu zangu. Simlaumu. Nani hataki kuishi?

Basi nikakaa mwaka na zaidi nikiamini. Hilo ndilo linalonichoma. Nilikuwa nalala najiuliza, labda kweli. Labda kilichowaua wale wanaume wawili kiko kwangu, na wale watoto wa kulungu nao nimewatia kwa mikono yangu kwenye pumba. Nikawa hata mtoto wa mteja akinikimbilia pale mkahawani namkwepa.

Ndipo bomba la mashine ya kahawa likapasuka. Akaja fundi, Mjordani mnene mcheshi, akaingia chini ya meza, akatoa kipande cha bomba chekundu chekundu akanipungia. "Nuhas!" akasema. "Ghaali, hadha nuhas."

Nikamwuliza, "What is nuhas?"

Akanitazama kama mimi punguani. Akagonga bomba. Akatoa waya mfukoni, akauchuna ganda, akanionyesha wa ndani. "Nuhas. Copper, sister, copper."

Shaba. Nikakaa chini pale pale kwenye maji. Fundi akadhani nimeteleza. Naqs nikaiuliza kwa Mmisri wa dukani: ni upungufu. Upungufu wa shaba. Wanyama walikosa shaba kwenye chakula, kwisha! Mimi sikuwa na nuksi, nilikuwa na mkalimani.

Nilimpigia Mugisha siku ile ile. Sikumweleza kitu, nikamwuliza tu kulungu hawajambo.

"Mama, wamepona!" akasema. "Watoto wa msimu huu wanaruka kama wazimu. Ami alileta mawe mapya ya kulamba, yale mekundu, siyo yale meupe ya kondoo. Na ametukataza kabisa, hayo mawe yasisogee kwa kondoo. Anasema yana shaba, kondoo akilamba atakufa."

"Aliyaleta lini?"

"Zamani. Wewe ulikuwa ndiyo umeondoka. Wiki hiyo hiyo, nadhani."

Nilifurahi kwa ajili ya wale watoto, sina ugomvi na wanyama. Lakini yeye, hasira yangu juu yake ilipata miguu siku ile. Kumbe alijua. Dawa aliisahihisha, jina langu akaliacha huko huko lilikotupwa. Kulungu mnyonge amwongezee fungu, na mimi anipige pembe kwa mkono wake mwenyewe.

Nikampigia, hakupokea. Nikampelekea sauti kwenye WhatsApp, nimeisema yote, shaba na nuhas na machungwa. Alama mbili zikawa buluu, jibu hakuna. Kwa watu wa Deira nilijitetea mwenyewe, nikawaeleza mpaka nikachoka. "Aa, sawa mwanangu, Mungu mkubwa," Bi Rukia akasema, na harusi iliyofuata sikuitwa. Nani humsikiliza mwenye nuksi akisema hana nuksi? Lilitoka mdomoni mwake yule mzee, na lingeweza kufutwa na mdomo huo huo tu. Wenzangu wakaniambia hasira hasara. Nikawaambia hasara nimeshaipata, niacheni na hasira yangu, ndiyo iliyobaki.

Nikangoja. Mimi ni mtu wa kungoja, jikoni kumenifunza.

Alipomaliza kazi kwa arbab akawa anakwenda kuhiji, kisha moja kwa moja kwao, harudi tena. Miguu ilikuwa imeanza kumsaliti. Na mnajua desturi yetu: mtu haendi kwenye nyumba ya Mungu na vinyongo vya watu mgongoni, hupita kwanza akataka radhi. Bi Rukia akatoa nyumba yake ya Naif, kule kule Deira, alasiri ya Ijumaa, kahawa na mahamri, wanaume sebuleni, wanawake chumbani, pazia katikati. Mimi sikualikwa. Nilikwenda.

Wanawake waliponiona wakasogea, mmoja akamvuta mwanawe. Nikasimama karibu na mlango. Sebuleni niliwasikia wanaume wakimwitikia, mmoja baada ya mwingine, tumekusamehe Ami, tumekusamehe. Kisha nikasikia fimbo yake, na Mugisha akimwongoza, maana ndiye aliyemleta na mizigo yake. Akasimama nyuma ya pazia.

"Mabibi," akasema, sauti ile ile ila imechakaa, "tumeishi pamoja, tumekula chumvi pamoja. Kama nimewakosea, kwa kujua au kutojua, nataka radhi."

"Tumekusamehe, Ami. Nenda salama."

"Mimi bado," nikasema.

Nikalifungua pazia.

"Ah. Kitunguu," akasema. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. "Mwanangu. Nisamehe yote."

"Yote siyajui. Mimi nina moja tu, Ami. Litaje."

Bi Rukia akanivuta baibui. "Saumu! Usimtie mzee haya, anakwenda kwa Mungu."

"Basi aende amelitua."

Nokoa akalamba midomo. "Palitokea kutofahamiana kidogo," akasema.

"Baina ya nani na nani?"

Akaigonga fimbo sakafuni mara moja.

"Nuhas ni nini kwa Kiswahili?" nikamwuliza.

"Saumu..."

"Wewe ndiye ulimi wa watu. Tutafsirie."

Wanaume sebuleni walikuwa wameacha vikombe. Yule karani wa bandarini alikuwemo, nilimwona, ameinamisha kichwa. Mzee akasema kitu chini chini.

"Hawakusikia."

"Shaba!" akasema kwa nguvu. "Ni shaba. Daktari alisema wanyama wamepungukiwa shaba. Nami nikasema nuksi. Huyu hakuwa na nuksi. Hana."

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili yake. Daktari alinipigia kuniambia mawe ya kununua."

"Na ukaninyamazia."

"Ningesemaje, mwanangu?" Machozi yalikuwa yakimtoka, na leso hakuitoa, aliyaacha yaende. "Mbele ya wale wote? Ningewaambia sijui Kiarabu? Nimekaa pale umri wangu wote kwa kile Kiarabu."

Yule mama aliyemvuta mwanawe akamwachia. Bi Rukia alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilikuwa nimelingojea neno lile kwa miaka, na lilipokuja lilikuwa tamu, sitadanganya, lilikuwa tamu kuliko nilivyotegemea.

"Nimelisema," akasema. "Watu wamesikia. Basi nipe radhi, nakwenda."

Nikamtazama. Nikaona machungwa yale kwenye sahani, nikaona kiti cha bibi harusi nisichokikaribia, nikaona usiku wangu wote nikijiogopa mwenyewe. Nikatafuta ndani kama liko neno analolitaka. Nilitafuta kwa haki. Halikuwepo.

"Safari njema, Ami," nikamwambia.

Nikarudisha pazia. Bi Rukia akaondoka kwenye nafasi yake akanipa, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, nikakaa. Nje ya pazia mzee hakuondoka mara moja. Nikamsikia akimwuliza Mugisha, polepole, kama mtu aliyefika mji asioujua lugha yake:

"Amesema nini? Amesamehe?"

"Amesema safari njema, Ami."

"Nimesikia. Maana yake nini?"